Kibuyu Kilichoonja Sabuni

Kila muhula mwalimu wa chekechea anakosoma binti yangu huniomba nije kuzungumza na wazazi kuhusu vitafunwa vya watoto. Sijui nani alimwambia kwamba mimi ni mtaalamu. Mimi huenda na beseni langu na jiko la mkaa, nikakwangua karoti mbele ya kina mama, nikazichanganya na unga na yai moja, nikakaanga vichapati vidogo vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto. Huponda ndizi mbivu na parachichi. Huonyesha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupakwa karanga za kusaga, chakula ambacho mtoto hula na baba yake akanyosha mkono akaiba kimoja. Mwisho humimina mtindi kutoka kwenye kibuyu, na hapo ndipo simu zinapotoka mikobani kwa ajili ya picha.

"Umejifunzia wapi?" lazima mmoja ataniuliza.

"Kwa mama mkwe wangu," hujibu.

Wanapiga makofi. Wengine husema nina bahati, kwamba kupatana na mkwe si jambo dogo. Nami hutabasamu na kupanga vikombe, kwa sababu nikiendelea kusema nitaharibu somo. Ninayoyaandika hapa ndiyo yale ambayo huwa siyasemi pale.

Mimi si wa Arusha. Nimezaliwa Morogoro, nikaja huku kwa kazi ya ofisini, nikaolewa na Mmeru ambaye ni dereva wa watalii. Msimu wa wageni ukianza, mume wangu anaweza kukaa mbugani wiki mbili mfululizo, akirudi analala siku nzima, kisha huyo tena. Tulipanga nyumba Sakina, nyuma ya gereji, ambako vumbi la barabara ya Nairobi lilikuwa linaingia hadi kabatini. Pengine hilo vumbi ndilo lililonianzishia wazimu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nilikuwa napiga deki mara tatu kwa siku na kuchemsha kila kitu kilichoweza kuingia sufuriani.

Alikuwa wa kike, na kwa kina baba yake mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la bibi mzaa baba. Kwa hiyo mama mkwe wangu hakuwahi kumwita mjukuu wala mtoto. Alimwita wajina. "Wajina wangu amelalaje?" "Wajina ameota jino?" Aliishi juu kule, mlimani, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Tengeru, na migomba yake, kahawa kidogo, na ng'ombe wawili wa bandani. Kila Jumamosi alishuka sokoni Tengeru kuuza ndizi, na akimaliza alikuja moja kwa moja kwetu Sakina na kikapu cha vitu ambavyo hakuviuza. Ndizi ndogo tamu. Parachichi lililofungwa kwenye gazeti ili liive taratibu. Na kibuyu cha mtindi, shingo ndefu, kimepakatwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

Sitasahau alivyokuwa akimlisha. Angeketi kwenye mkeka, miguu ameinyosha, mtoto katikati. Angeiponda ndizi kwa uma mpaka ilainike, amimine mtindi juu yake, achanganye, kisha achote kidogo kwa ncha ya kidole na kumgusisha mtoto mdomoni. Mtoto wangu, ambaye kwangu mimi uji wa lishe aliutema mpaka ukutani, kwa bibi yake alifungua mdomo kabla kidole hakijafika. Walikuwa wanacheka wote wawili. Kusema kweli nilikuwa naona wivu, ila wakati ule niliuita wasiwasi wa afya.

Siku moja nikaona vijipunje vyeusi kwenye ule mtindi.

"Mama, hivi ni nini?"

"Mkaa huo, mwanangu. Tunachoma kijiti cha mzeituni wa porini, tunakisugua ndani ya kibuyu. Ndiyo sabuni yake." Akacheka kidogo. "Ndiyo na utamu wake."

Nilienda jikoni nikaanza kusugua sinki. Jumatatu yake mtoto akaharisha. Alikuwa anaota magego, na Jumapili yake mimi mwenyewe nilimpa juisi ya boksi iliyokuwa imeachwa wazi mezani tangu asubuhi. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua jambo moja tu, mkaa.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alifika kama kawaida, amelowa jasho, kanga imejaa vumbi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, wajina yuko wapi?" Kabla hajakaa, nilichukua kibuyu mikononi mwake, nikaingia nacho jikoni, nikakiinamisha kwenye sinki. Mtindi ulitoka kwa mabonge mazito, taratibu, ukakwama kwenye tundu la sinki ikabidi niusukume kwa maji ya bomba. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "kwetu maziwa hayamwagwi. Ungeniambia tu ningerudi nayo."

Na mimi, ambaye mama yangu alinilea nisinyanyue sauti mbele ya mkubwa, nikamjibu: "Mama, mtoto wangu hali uchafu."

Nimelitafutia neno hilo visingizio vingi. Nilikuwa nimechoka, mume hayupo, mtoto hajalala siku tatu. Vyote ni kweli. Lakini sikulisema kwa uchovu. Nililisema kwa kiburi, nikiwa najiona mimi ndiye niliyesoma, na yule aliyewalea watoto sita mpaka wakawa watu wazima, mmojawapo akiwa mume wangu, hajui kumlisha mtoto.

Alikwenda kukaa kwenye mkeka. Mimi nikaendelea na kibuyu chake. Nilikimiminia maji ya moto, sabuni ya maji, kisha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nilifunga steel waya kwenye ncha ya mwiko nikasugua ndani mpaka mkono ukaniuma. Nikakianika ukutani juani. Kilipokauka kiling'aa, cha rangi ya asali, hakina hata alama nyeusi moja, na nikajisikia vizuri sana. Nilidhani nimemsaidia.

Jioni akiondoka nilikumbuka kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Nikamtilia kikapuni sukari, mkate, na pakiti ya biskuti za mtoto, zile zenye picha ya dubu. "Siku tukija kwako, mama, mpe hizi. Hizi ziko salama."

Alikishika kibuyu, akakinusa kwenye mdomo wake. "Ahsante mwanangu," alisema. "Umekisafisha kwelikweli."

Tangu siku hiyo alikuja kwa nadra, na alipokuja kikapu kilikuwa kitupu. Alikuwa ananawa mikono hadi viwiko kabla ya kumgusa mtoto, kisha anaketi kwenye kochi, si kwenye mkeka, mikono amekunja mapajani kama mtu aliyekuja ofisini kufuatilia barua. Mume wangu aliuliza mbona mama haleti tena ndizi. Nilimwambia pengine bei sokoni imepanda, anauza zote. Uongo ule ulinitoka bila kigugumizi.

Mtoto akabaki na chakula changu, yaani pakiti. Asubuhi nilimpeleka kwa mama mmoja anayelea watoto mtaani na mkoba wenye biskuti, juisi ya boksi, na vile vitu vya chumvi vinavyopasuka mdomoni vikaacha unga wa njano vidoleni. Vilikuwa vimefungwa kiwandani, vina tarehe, hakuna mkono uliovigusa. Mimi nilirudi jioni kichwa kinagonga, nikampa biskuti tena ili nipate kupika. Kwenye grupu letu la kina mama kwenye simu, wakati huohuo, nilikuwa natuma maelekezo marefu ya namna ya kuandaa vitafunwa vya afya nyumbani. Nilikuwa nayatoa kwenye mitandao. Sikuwa nimepika hata kimoja.

Alipofika mwaka na miezi minane meno yake ya mbele yalikuwa na ukingo wa kahawia. Kliniki, muuguzi alichora nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, na ya mwezi kabla ya huo. Mstari ulikuwa umelala kabisa.

"Anakula nini huyu?"

Nikaanza kumtajia vile vya kwenye grupu, karoti, viazi vitamu. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, Mwarusha, miwani ameishusha puani. Alikiangalia kidole cha mtoto chenye unga wa njano, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, mimi naandika kadi, sikupeleki mahakamani. Anakula nini?"

Nikamwambia. Foleni yote nyuma yangu ilisikia.

"Na bibi hana? Baba yake kwao wapi?"

"Meru. Juu ya Tengeru."

Aliweka kalamu chini. "Juu ya Tengeru! Parachichi linaanguka lenyewe, maziwa yapo, ndizi zipo, na wewe unamlisha mtoto maboksi? Mpeleke kwa bibi yake."

Nilijaribu kwanza kukwepa. Nilinunua maziwa, nikayaacha kwenye jagi la plastiki juu ya kabati yagande. Mara ya kwanza yalioza, mara ya pili yakatoa maji ya kijani, mara ya tatu yaliganda na mtoto akayatema. Nilioka viazi vikaungua. Nilikuwa naogopa kupanda mlima ule kuliko nilivyoogopa ile kadi, na ilibidi kadi ya mwezi uliofuata ije nayo imelala ndipo nikamfunga mtoto mgongoni Jumamosi asubuhi nikaenda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Njia ya kwao inapita kando ya mfereji, kahawa upande mmoja, migomba upande mwingine, na nilifika viatu vimejaa tope hadi kwenye kisigino. Mama mkwe alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Alipotuona alitupa panga chini akaja mbio, kisha hatua mbili kabla ya kutufikia akasimama, akaangalia viganja vyake, akageuka kwenda kunawa.

"Mama, usinawe," nilisema. "Tumekuja kula. Tunataka ndizi za hapa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Alinawa hata hivyo, kwa sabuni, mara mbili, mimi nimesimama namwangalia. Akaingia jikoni, akafukia ndizi mbili kwenye majivu ya moto. Tulikaa kwenye vigoda, moshi unatupitia. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi tangu Sakina, nimeyapanga vizuri, lakini kila nilipofungua mdomo alikuwa ananiuliza kitu kingine, mume wangu anarudi lini, ofisini hawajambo. Ndizi zilipoiva alizimenya, akapuliza majivu, akakata kipande kidogo, akakipuliza tena mpaka kikapoa. Akamnyoshea mtoto kwa kidole, kama zamani. Uso wake ulikuwa umechangamka.

Mtoto akarudi nyuma mpaka kwenye magoti yangu.

Wakati ule alikuwa na maneno kama kumi hivi. Mama, baba, gari, paka. Na lingine alilolisikia kwangu kutwa, kila alipookota kitu sakafuni, kila alipogusa ukuta, kila alipochezea kiatu.

"Uchafu," alisema. Akakitikisia kichwa kidole cha bibi yake. "Uchafu."

Nilitaka ardhi inimeze. Mama mkwe hakukasirika, na laiti angekasirika. Alirudisha mkono taratibu, akakiweka kile kipande cha ndizi kwenye sahani, akafuta kidole chake kwenye kanga.

"Kweli wajina," alisema. "Ngoja bibi akuletee vile vyako."

Aliingia chumbani. Nilisikia sanduku la bati likifunguliwa. Alirudi na sinia lililofunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kile cha kufunikia chai ya wageni wa kanisani, akakifunua. Ndani yake kulikuwa na pakiti ya biskuti yenye picha ya dubu. Ni ileile. Haikuwa imefunguliwa. Alikuwa ameitunza sandukuni miezi yote, pamoja na kanga zake mpya, akisubiri siku mjukuu atakapokuja, kwa sababu mimi nilimwambia hizo ndizo salama.

Mtoto aliikimbilia pakiti akicheka. Nilimnyang'anya, akalia, nami nikalia, na mama mkwe katikati yetu hajui amshike nani. Ndipo nilipomwomba radhi, bila yale maneno niliyoyapanga. Nilimwambia nisamehe mama, nisamehe, nilikukosea. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Nipe mtindi wa kibuyu nimlishe," nilimwambia. "Nifundishe."

"Kibuyu sina, mwanangu."

Akanionyesha kwa kidevu. Kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya figa, shingo ileile ndefu, rangi ileile ya asali, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Alikiteremsha akakitikisa. Kulikuwa na mbegu za maharage ndani.

"Kibuyu kikishaonja sabuni kimekwisha," alisema. "Kinainywa. Nilijaribu kukichoma mara tatu kwa mzeituni, kila nikitia maziwa yananuka povu. Basi nikaona kishike mbegu." Alikipangusa vumbi kwa kanga. "Mama yangu alinipa siku naolewa. Watoto wangu wote wamekua nacho."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyoeleza kwa nini jembe halina mpini. Nilikipokea nikakinusa, na baada ya miezi yote ile, chini ya harufu ya maharage, sabuni yangu bado ilikuwemo. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Mimi nilimwaga maziwa, kisha nikaharibu na chombo chake.

Alinifundisha. Miezi miwili nilipanda kila Jumamosi. Alipata kibuyu kipya kwa jirani, akakiandaa mbele yangu. Nilijifunza kwamba maziwa huchemshwa kwanza, yakapoa kabisa ndipo yakatiwa kibuyuni, na nikaona haya upya, kwa sababu siku zote zile nilikuwa nimekata shauri kwamba anatupa maziwa mabichi na sikuwahi kumuuliza. Nilijifunza kwamba kijiti kikishasugua ndani, mkaa hupigwapigwa utoke, na vijipunje vinavyobaki havimdhuru mtu. Nilijifunza kwamba ndizi ya mtoto huchaguliwa yenye madoa, kwamba kiazi kikifukiwa kwenye majivu na ganda lake hakihitaji sukari, kwamba mtoto akikataa chakula unakila wewe mbele yake kwa raha na kumsahau. Hilo la mwisho ndilo lililomrudisha binti yangu kwenye ndizi. Ilimchukua Jumamosi nne. Siku alipochukua kipande mwenyewe kwenye sahani, bibi yake alijifanya haoni, akaendelea kupepeta maharage, machozi yanamtoka.

Leo ana miaka mitano. Meno ya mbele yameanza kulegea, naombea yanayokuja yawe meupe. Kadi ya kliniki ilipanda mpaka muuguzi akanigongea meza kwa furaha. Mama mkwe hushuka tena Jumamosi na kikapu kimejaa, huketi kwenye mkeka, hunyosha miguu. Hata kile kibuyu ninachokipeleka chekechea amekichoma yeye. Mume wangu akiwepo hula naye humohumo, bakuli moja, na mtu akituona atasema nyumba hii haijawahi kuingiwa na neno baya.

Ila kuna kitu kimoja. Akishaponda ndizi, akishatia mtindi, akishachota lile tonge la kwanza na mtoto ameshafungua mdomo, mama mkwe wangu husimamisha mkono. Huinua macho, hunitafuta nilipo, jikoni au mlangoni, na kusubiri. Nikiitikia kwa kichwa ndipo anapomlisha. Nimemsihi mara nyingi aache. Nimemwambia mama, huyu ni wajina wako, usiniangalie mimi.

"Mazoea tu, mwanangu," hunijibu, na kucheka.

Jumamosi iliyopita nilijificha chumbani makusudi ili asinione, nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mkono ulibaki pale hewani, mtindi unadondoka kwenye kanga, mtoto anamwambia bibi, nipe. Alisubiri mpaka nikatoka.